Kilomita 1,300 si saa mbili: msomaji wa Makambako apewe hesabu kamili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Msomaji wako wa Makambako aliuliza ni umbali gani kutoka Amsterdam hadi Roma na ndege inatumia muda gani. Akajibiwa kwa mstari mmoja: kilomita 1,300, saa mbili. Namba hizo hazina kosa kubwa. Shida ni kwamba mtu akishasoma "saa mbili" anapanga safari yake yote juu ya saa hizo mbili, na hapo ndipo abiria wa Mbeya, Iringa na Njombe wanapoachwa na ndege ya pili huku tiketi wameilipia. Sisi kazi yetu ni kukata tiketi hizi. Tumeona tumjibu upya, kwa kirefu, yeye pamoja na wengine wanaojiandaa kwenda kusoma, kuhiji au kutafuta soko la kahawa na parachichi.

Kwanza umbali wenyewe. Kilomita 1,300 zinapimwa kutoka uwanja wa Schiphol, Amsterdam, hadi uwanja wa Fiumicino, Roma, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kama uzi uliovutwa ukakaza juu ya chungwa. Kwa gari safari hiyo inazidi kilomita 1,600, maana milima ya Alps imekaa katikati na barabara hazina budi kufuata mabonde na mahandaki. Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Songwe hadi Dar es Salaam kwa ndege ni kilomita 690 hivi, lakini basi linalopita Makambako, Mafinga, Ipogolo, Kitonga na Morogoro linakula zaidi ya 800.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe anahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo tu. Schiphol iko latitudo nyuzi 52.3 kaskazini na longitudo 4.8 mashariki. Fiumicino iko latitudo 41.8 kaskazini na longitudo 12.2 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 10.5, zidisha kwa 111, unapata kilomita 1,166. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 7.4, zidisha kwa 111, kisha zidisha tena kwa kosaini (kitufe cha "cos" kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati, yaani nyuzi 47, ambayo ni 0.68. Unapata 559. Sasa tumia kanuni ya Pitagora: 1,166 kwa kipeo cha pili jumlisha 559 kwa kipeo cha pili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kilomita 1,293. Umekosea kwa chini ya asilimia moja, na hukuhitaji intaneti.

Wanafunzi wanaosoma mada ya dunia kama tufe wanajua kwa nini kosaini imo, ila wengi huisahau. Mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Hapa Mbeya, tulio karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 110. Amsterdam nyuzi hiyo hiyo ni kilomita 68 tu. Ukiacha kosaini, Roma inasogea mbali hadi kilomita 1,426. Ndilo kosa la anayepima kwa rula kwenye ramani kubwa ya ukutani: ramani hizo zinazinyoosha nchi za kaskazini zionekane pana kuliko zilivyo. Njia hii ya Pitagora inafaa kwa miji ya Ulaya iliyo jirani. Kwa masafa marefu, mathalani Dar es Salaam hadi Amsterdam, dunia inapinda mno. Hapo tumia kanuni kamili ya tufe, na utapata kama kilomita 7,340.

Sasa muda. Ndege za njia hii, za aina ya Boeing 737 au Airbus A320, zikiwa juu kwenye futi 35,000 zinakwenda kama kilomita 830 kwa saa. Gawanya 1,300 kwa 830: saa moja na dakika 34. Wengi hukomea hapo. Lakini ndege haiondoki getini kwa kasi ya 830. Schiphol ina njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, yenye urefu wa mita 3,800, iliyofunguliwa mwaka 2003 mbali na majengo ya abiria ili kelele zisiwasumbue wakazi. Ndege ikipangiwa njia hiyo, inatembea kwa magurudumu dakika 10 hadi 20 kabla ya kuruka, na inapita juu ya daraja lililovuka barabara kuu. Ikiruka, hairuhusiwi kuzidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa, hadi ipite futi 10,000. Kupanda hadi juu kabisa kunachukua kama dakika 20. Kushuka kunaanza ikiwa bado kilomita 200 hivi kabla ya Roma, na inapokaribia kugusa ardhi kasi imebaki kama kilomita 250 kwa saa. Wala haiendi kwenye mstari ule mnyoofu wa hesabu. Inafuata njia za angani, inakwepa maeneo ya kijeshi na mawingu ya radi, inazunguka ili itue ikiwa imeuelekea upepo.

Ukijumlisha hayo yote, ndege inakaa angani karibu saa mbili, na tiketi inaandikwa saa 2 na dakika 10 hadi 20. Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachia geti la Amsterdam hadi inapoegeshwa Roma, na kampuni za ndege huongeza dakika kadhaa za akiba humo. Ndiyo maana rubani anaweza kuchelewa kuondoka kwa dakika 15 na bado akafika kwa wakati. Ukiona mtandao mmoja umeandika saa 1 na dakika 50 na mwingine saa 2 na dakika 15, hakuna aliyedanganya. Wa kwanza anahesabu muda wa angani, wa pili anahesabu geti hadi geti. Wa kupangia safari ni huo wa pili.

Upepo nao una neno lake. Juu ya Ulaya upepo wa tabaka la juu huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki. Amsterdam na Roma zimekaa kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo unaipiga ndege ubavuni na tofauti ya kwenda na kurudi ni ndogo. Chukua London na Istanbul, karibu kilomita 2,500 mashariki na magharibi: kurudi London mara nyingi kunazidi kwenda kwa dakika 15 hadi 30, na majira ya baridi hata zaidi.

Kuna ucheleweshaji ambao abiria wa kwetu huwa hauelewi: ndege imejaa, milango imefungwa, jua linawaka, na bado hairuki. Anga la Ulaya linagawiwa kwa zamu kutoka Brussels, katika kituo cha Eurocontrol. Ikiwa anga la njiani limejaa, au waongoza ndege wa Ufaransa wamegoma, rubani anapewa dakika yake ya kuruka. Akiikosa anapangiwa nyingine. Majira ya baridi kuna jambo la pili: barafu ikishika mabawa, ndege lazima inyunyiziwe maji maalumu ya kuiyeyusha kabla ya kuruka, na foleni ya kunyunyiziwa inaweza kula nusu saa. Barafu nyembamba tu inaharibu umbo la bawa na kupunguza nguvu ya kuinua ndege, kwa hiyo hakuna rubani atakayekubali kuiruka hatua hiyo kwa sababu abiria wana haraka.

Tuje kwenye saa. Hapa Mswahili ana mtego wake peke yake. Tiketi zinaandikwa kwa saa 24. 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. 11:55 ni saa sita kasoro dakika tano mchana. Mtu akiisoma 09:40 kuwa saa tisa na dakika arobaini, atafika uwanjani mchana wakati ndege yake imekwisha kutua Roma zamani. Kanuni ni rahisi: ukiona namba ya saa kwenye tiketi, toa sita; ila ikiwa ni ndogo kuliko saba, jumlisha sita; na ikizidi 18, toa 18. Mtego mkubwa zaidi ni saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa Jumanne saa 00:10 ni saa sita na dakika kumi za usiku wa kuamkia Jumanne. Unatakiwa kuwa uwanjani Jumatatu jioni. Anayekwenda Jumanne usiku amechelewa kwa siku nzima.

Muda wa kuondoka na wa kufika kwenye tiketi kila mmoja ni wa mji husika. Amsterdam na Roma saa zao ni moja, kwa hiyo unatoa tu na kupata muda wa kweli. London iko nyuma yao kwa saa moja. Tuseme ndege inaondoka London 10:00 na kufika Roma 13:35. Inaonekana kama saa 3 na dakika 35, kumbe ni saa 2 na dakika 35. Kurudi, inaondoka Roma 10:00 na kufika London 11:45. Usifurahi ukadhani imekimbia, ni saa 2 na dakika 45. Ulaya pia husogeza saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika miezi yao ya joto Tanzania iko mbele ya Roma kwa saa moja. Miezi ya baridi kwa saa mbili. Ndugu anayesubiri simu ya "nimefika" alijue hilo kabla hajaanza kuingiwa na hofu.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni kuunganisha ndege. Abiria anayetoka Dar akapitia Amsterdam kwenda Roma anaingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, palepale Amsterdam. Maana yake anapanga foleni ya uhamiaji Schiphol, si Roma. Akitoka hapo, Amsterdam hadi Roma ni kama safari ya ndani. Fiumicino hakuna anayemgongea muhuri. Foleni hiyo inaweza kwenda dakika 15, inaweza kwenda saa nzima, hasa asubuhi ndege nyingi za mbali zinapotua kwa pamoja. Tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kumwandikisha mgeni wa muda mfupi kwa picha ya uso na alama za vidole, na anayeandikishwa kwa mara ya kwanza anachukua muda zaidi dirishani. Ongeza ukaguzi wa usalama wa mara ya pili, pamoja na chupa ya maji uliyonunua Dar ambayo inaweza kutupwa. Ongeza na mwendo wa miguu: ndege za kutoka Afrika mara nyingi hushusha mageti ya E, F au G, na za Roma huondoka upande wa B, C au D. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya muda wa kuondoka, na wakishafunga hawafungui, hata kama unaiona ndege kwa dirisha.

Kampuni za ndege zinauza maunganisho ya chini ya saa moja pale Schiphol. Kisheria yanaruhusiwa. Sisi hatuyapendi kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza. Tunashauri saa 2 au 3, nayo ni pale tu tiketi zote zikiwa kwenye bukingi moja. Bukingi moja maana yake begi limeandikwa Roma tangu Dar, na ukichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza wanawajibika kukuweka kwenye ndege nyingine bila kukudai.

Tiketi mbili tofauti ni habari nyingine kabisa. Mtu ananunua Dar hadi Amsterdam kwa kampuni moja, kisha anaona mtandaoni Amsterdam hadi Roma kwa bei ya chakula cha mchana, anajisifu ameokoa. Akitua Schiphol anapita uhamiaji, anasubiri begi dakika 30 hadi 45, anatoka forodhani, anapanda ghorofa ya kuondokea, anapanga foleni upya kukabidhi begi. Kaunta ya mabegi inafungwa dakika 40 kabla ya kuondoka, kwa kampuni nyingine saa nzima. Tiketi ile ya bei ndogo mara nyingi haina begi la chini, kwa hiyo zile kilo 23 alizotoka nazo Mbeya zinalipiwa upya palepale kaunta, ambako bei yake ni kubwa kuliko zote. Na akichelewa, kampuni ya pili haimjui. Kwao hakutokea, basi. Mbaya zaidi, asipotokea kwenye safari ya kwenda, kwa kampuni nyingi mfumo unafuta na safari ya kurudi iliyomo kwenye tiketi hiyo. Kwa anayeng'ang'ania tiketi mbili, tunamwambia aache saa 5 katikati, au alale Amsterdam apande ndege ya kesho yake.

Begi nalo linaweza kukuchelewesha kwa sababu ya kilichomo. Ulaya hairuhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nje, hata nyama iliyokaushwa, hata jibini nzuri ya Njombe. Matunda mengi mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, parachichi la Rungwe likiwemo. Yaliyosamehewa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo ndizi za Tukuyu zinapita, parachichi linabaki forodhani na wewe unabaki nalo ukiandikiwa karatasi. Chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, kwa matumizi yako mwenyewe, hazina shida.

Jina la mji kwenye tiketi lisikupumbaze. Roma ina viwanja viwili: Fiumicino, unaoandikwa FCO, kama kilomita 30 kutoka katikati ya mji, na Ciampino, unaoandikwa CIA, kama kilomita 15. Ukitua kimoja na ndege yako inayofuata ikaondokea kingine, ni safari ya kuvuka pembeni mwa jiji zima. London viwanja ni sita. Kiwanja cha Beauvais kinauzwa kwa jina la Paris ingawa kiko karibu kilomita 85 kutoka Paris. Kile cha Hahn, kinachobeba jina la Frankfurt, kiko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt, sawa na mtu kukuambia umefika Mbeya ukiwa Igawa. Soma zile herufi tatu za kiwanja, usisome jina la mji. Wamoravian wanaoelekea Herrnhut, Ujerumani, lilikoanzia kanisa lao, wakumbuke pia kwamba kiwanja cha Tegel cha Berlin kilifungwa Novemba 2020. Barua za zamani za mwaliko bado zinakitaja. Siku hizi Berlin ina kiwanja kimoja tu, BER, na kilicho karibu zaidi na Herrnhut ni Dresden.

Sasa tufanye hesabu ya mlango hadi mlango, ambayo ndiyo msomaji wa Makambako aliihitaji. Tuseme yuko hotelini katikati ya Amsterdam na anakwenda hotelini katikati ya Roma. Kutembea hadi stesheni na treni ya kwenda Schiphol, dakika 35. Kufika uwanjani saa 2 kabla. Geti hadi geti, saa 2 na dakika 15. Kushuka na kupata begi, dakika 35. Kusubiri treni ya Leonardo Express na kuipanda hadi stesheni ya Termini dakika 32 zake, jumla dakika 45. Ni saa 6 na dakika 10. Kilomita 1,300 kwa saa hizo ni mwendo wa kama kilomita 210 kwa saa. Treni hazimsaidii kwenye njia hii: hakuna ya moja kwa moja, atabadilisha mara mbili au tatu na Alps ziko palepale.

Lakini masafa yakipungua, treni inashinda. Wapo mahujaji wa Iringa wanaotoka Roma kwenda Torino, kwenye chimbuko la shirika la Consolata lililoanzishwa mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 20, 2024. Ndege ni kama saa 1 na dakika 10 kwa umbali wa kilomita 530. Treni ya kasi kutoka Termini ni saa 4 na ushee. Weka treni ya kwenda Fiumicino, kusubiri uwanjani, begi, na safari ya kutoka kiwanja cha Torino kilicho nje ya mji, na ndege nayo imegonga saa 4 na nusu. Kwenye treni hakuna anayepima kilo za begi, na unashukia mjini. Kikundi chenye wazee tunakishauri treni bila kusita.

Umbali una kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: ndio unaopanga fidia. Kwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, jinsi mahakama ya Umoja huo inavyoitafsiri, abiria aliyecheleweshwa kufika kwa saa 3 au zaidi, kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa kampuni, alipwe euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Safari za ndani ya Umoja huo zinazozidi hapo, euro 400. Zinazotoka au kuingia Umoja huo zikizidi kilomita 3,500, euro 600, na zinaweza kupunguzwa hadi 300 kama ucheleweshaji haukufika saa 4. Umbali huo unapimwa kwa mstari uleule wa uzi juu ya chungwa. Amsterdam hadi Roma inaangukia 250. Amsterdam hadi Athens, kama kilomita 2,200, inaangukia 400.

Zingatia hapa, maana pesa nyingi zinaachwa mezani. Ukiwa unarudi Roma–Amsterdam–Dar kwenye bukingi moja, na ndege ya Roma ikachelewa ukakosa ya Dar, ukafika nyumbani saa 5 baadaye, umbali unaohesabiwa ni Roma hadi Dar, kama kilomita 6,070. Dai lako ni euro 600, si 250. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, kila moja inahesabiwa peke yake. Kwa safari ya kutoka Dar kwenda Ulaya, kanuni inakulinda ukipanda kampuni ya Ulaya tu. Kwa kurudi, inakulinda kwa kampuni yoyote inayoondokea Ulaya. Dhoruba, ukungu na mgomo wa waongoza ndege havilipiwi fidia, lakini chakula na hoteli wakati wa kusubiri bado ni haki yako. Tunza kadi ya kupandia ndege, omba sababu ya ucheleweshaji kwa maandishi, na uwaandikie kampuni wenyewe kwenye fomu yao. Huhitaji kumlipa mtu akudaie.

Kuhusu viza ya Schengen, abiria wengi wanakosea ubalozi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, si kwa nchi utakayokanyaga kwanza. Siku 2 Uholanzi na siku 10 Italia, nenda kwa Waitaliano, hata kama ndege inatua Amsterdam. Siku zikilingana ndipo nchi ya kwanza inapohesabiwa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima isipungue euro 30,000, na maombi yapelekwe angalau siku 15 kabla. Sisi wa nyanda za juu tuongeze siku za kwenda Dar na kurudi.

Safari ya hapa nyumbani nayo ihesabiwe. Usitoke Mbeya kwa basi asubuhi ukitegemea ndege ya Ulaya usiku huohuo. Lori moja likilala Kitonga limekumaliza. Kwa ndege ya Songwe, chukua ya siku iliyotangulia au ya asubuhi mapema, kwani ukungu na mvua za kwetu zinaweza kuisogeza. Na kama ni tiketi tofauti, Dar utachukua begi na pengine kuhama jengo.

Mwisho, kwa msomaji wa Makambako hasa: kama unakokwenda ni Roma na huna shughuli Amsterdam, kwa nini upitie Amsterdam? Dar hadi Amsterdam ni kilomita 7,340, ongeza 1,300 za kurudi kusini, jumla 8,640. Dar hadi Roma kwa mstari ni kama 6,070. Unaipita Italia pembeni ukielekea kaskazini, kisha unageuka kuirudia. Muulize wakala wako bei ya kupitia Addis Ababa au Istanbul, ambako kuna ndege za moja kwa moja hadi Roma, ulinganishe kwa jumla ya saa za mlango hadi mlango na kwa begi lililomo kwenye bei. Wakati mwingine ya Amsterdam itabaki kuwa nafuu. Basi ichukue, kwenye bukingi moja, na uache saa 3 katikati.

Mawakala wa tiketi za ndege,
Soko Matola, Mbeya